Ngoma Huonwa Kwao: Karatu na Ngorongoro Nikiwa na Binti Mcheza Dansi

Mzazi wa mcheza dansi hutazama miguu. Kabla hajauliza mtoto ameamkaje, ameshaona kidole kilichovimba, sugu iliyopasuka na kifundo kinachoshushwa ngazi kwa tahadhari. Ndiyo maana tulipoteremka Karatu, likizo ya Agosti, abiria wenzetu wakiulizana pa kula, mimi nilikuwa nimeinama naangalia raba za binti yangu. Vumbi jekundu la njiani lilikuwa limepenya kitambaa, likapita soksi, likajaa katikati ya vidole.

Ana miaka 15. Alianza baleti akiwa na miaka saba, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Nairobi wenye sakafu ya mbao na vioo ukuta mzima. Shuleni yumo katika kundi la ngoma za asili linaloshiriki Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo hadi leo ndiyo mlango wa jukwaani kwa watoto wengi wa Kenya. Amecheza isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ameicheza vizuri, hata kundi lao likatuzwa. Lakini hajalala Kakamega hata usiku mmoja, wala hajaketi harusini au matangani ambako isukuti hupigwa kwa sababu zake yenyewe. Aliijua kwa hesabu za mwalimu: moja, mbili, tatu, nne, geuka.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Wazazi ninaongoja nao nje ya ukumbi wa mazoezi huzungumzia London na Johannesburg, kozi za likizo, majaribio ya kuingia shule kubwa za dansi. Nami namtakia mwanangu hayo yote. Ila nilitaka kabla hajavuka bahari avuke kwanza Namanga.

Kuvuka kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa mwaka 2018, kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Pasi ziligongwa muhuri, vyeti vya homa ya manjano vikaangaliwa, na kwa kuwa nilisafiri na mtoto bila baba yake, nilibeba barua ya ridhaa ya mzee pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kutoka hapo ni Longido, kisha Arusha, kisha Makuyuni, unapoiacha barabara ya Dodoma na kukata kulia. Mto wa Mbu tulinunua ndizi nyekundu. Baada ya hapo gari likaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likabaki chini mkono wa kushoto, na binti yangu akatoa vipokea sauti masikioni bila kuambiwa.

Wageni wengi huiona Karatu kwa dirisha la gari. Landkruza za watalii hupita asubuhi kwenda lango la Lodoare na kurudi jioni zikiwa zimebadilika rangi kwa vumbi. Lakini Karatu ni mji wenye watu wake. Wengi ni Wairaqw, ambao Watanzania wengi huwaita Wambulu, wakulima hodari wa mahindi, ngano na mbaazi, na miteremko ya Oldeani ina mashamba ya kahawa tangu enzi za walowezi. Tulipanga chumba katika gesti iliyo nyuma ya barabara kuu, yenye veranda ndefu ya saruji. Veranda hiyo ndiyo ikawa ukumbi wa mazoezi.

Kila asubuhi, kabla ya chai, binti yangu alishika mgongo wa kiti na kuanza: magoti nje, visigino pamoja, shuka, panda. Mama mwenye gesti alikuwa akipepeta mchele upande wa pili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mgongo unakuuma?”

“Hapana, mama. Nafanya mazoezi ya dansi.”

Mama akaendelea kupepeta, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo ambalo mimi, kwa miaka yote ya kumpeleka na kumrudisha, sijawahi kusikia likiulizwa na mwalimu wala mzazi: “Mbona unacheza huimbi?”

Binti yangu hakuwa na jibu. Muziki wake hutoka kwenye spika. Kazi ya mchezaji ni kuufuata. Hajawahi kutakiwa autoe mwenyewe kifuani huku akiruka. Swali la yule mama lilitufuata safari nzima, na kila tulikokwenda lilikuwa na maana zaidi.

Niseme pia juu ya chakula, maana mzazi wa msichana anayecheza dansi hubeba wasiwasi huo hata kama hausemi. Katika kumbi za dansi duniani kote wasichana hupimana kwa macho, na mwili mwembamba husifiwa hadi mtoto anaanza kuogopa sahani. Karatu sikusikia mtu akisema neno juu ya umbo la mwanangu. Walichosema ni “ongeza, mwanangu.” Asubuhi supu na chapati, mchana ugali na maharage, jioni makande au wali na parachichi pembeni. Alikula akashiba, akalala mapema, akaamka akiwa na nguvu. Nilimshukuru Mungu kimya kimya kwa kila sahani iliyorudi tupu.

Jioni alikuwa na mwalimu mwingine, binti wa jirani aliye kidato cha pili, aliyemfundisha singeli kwa muziki wa simu. Singeli ilizaliwa mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, na kasi yake haina huruma kwa mtu aliyezoea baleti. Mwanangu alihema, wakacheka, wakarudia.

Kutoka Karatu barabara ya vumbi hushuka kwenda Mang'ola na Ziwa Eyasi. Bonde lile lina mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa kwa chemchemi, na pembeni yake wanaishi Wadatoga, wafugaji na wahunzi, pamoja na Wahadzabe, watu ambao hadi leo baadhi yao huishi kwa uwindaji, asali, matunda na mizizi. Wahadzabe hawazidi sana watu elfu moja. Tulifuatana na kijana wa Kidatoga anayeongoza wageni pale, na tukafika kwenye kambi ya Wahadzabe kungali baridi, wanaume wameketi kuzunguka moto wakinyoosha mishale.

Walitupigia ngoma fupi ya kuwakaribisha wageni. Ilikuwa nzuri. Lakini kilichombadilisha mwanangu hatukukiona kabisa. Kijana wetu alitueleza habari za epeme, ngoma ya Wahadzabe inayochezwa usiku usio na mwezi. Mioto huzimwa. Mwanamume mmoja hujitosa gizani, kichwani ana manyoya ya mbuni, mguuni ana njuga, mkononi kayamba. Wanawake na watoto humwimbia. Akimaliza, mwingine anashika zamu. Hukumbukwa waliokufa, hutafutwa amani kambini na baraka katika uwindaji. Mgeni haionyeshwi kwa ada.

“Sasa watu wanaonaje anavyocheza?” binti yangu akauliza.

“Wanasikia,” kijana akajibu.

Nilimwona akilipokea jibu hilo. Mtoto aliyekulia mbele ya vioo, ambaye kila kosa la mkono hulisahihisha kwa jicho, anaambiwa kuna ngoma kubwa kuliko zote za watu hawa na hakuna anayeiona. Usiku ule, gesti, alizima taa ya chumba akaanza mazoezi yake gizani. Mimi nilikuwa kitandani. Nilisikia wayo ukitambaa kwenye saruji, ukisimama, ukitambaa tena. Alipojaribu kuzunguka aliyumba akashika ukuta. Mcheza baleti anapozunguka hukaza macho kwenye kitu kimoja, kichwa kikichelewa kidogo kisha kugeuka haraka kukirudia kitu hichohicho, na hivyo ndivyo anavyoepuka kizunguzungu. Gizani kitu hicho hakipo. Kinachobaki ni sikio la ndani, misuli na nyayo zenyewe. Akaacha kuzunguka, akaanza kukanyaga tu, taratibu, kisigino kizito, na baada ya muda nikamsikia, kwa mara ya kwanza katika mazoezi yake, akiimba kwa sauti ya chini. Sikumsemesha.

Ngorongoro tulikwenda kesho yake. Lango la Lodoare likishapitwa, barabara huingia msitu wenye ukungu, na baridi ya Agosti ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, haina mchezo. Mtu wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko mgeni anayelipa kwa dola, ingawa gari la kushuka kreta ni gharama isiyokwepeka. Kule chini ni kilomita za mraba 260 hivi zilizozungushiwa ukuta wa mita 600: nyumbu, pundamilia, ziwa la magadi, msitu wa Lerai, na kwa mbali kifaru mweusi mmoja aliyelala. Twiga hawamo. Mengi yameandikwa juu ya wanyama wa kreta, nami sina la kuongeza.

La kuongeza ninalo juu ya boma. Kwenye ukingo na nyuma yake ziko boma za Wamaasai zinazopokea wageni kwa malipo. Wapo wanaoziita maigizo. Mimi sikubaliani nao. Morani anayeruka mbele ya mgeni saa nne asubuhi anafanya kazi, kama mwanangu anavyofanya kazi jukwaani, na kazi yenyewe haina udanganyifu: mwili wake haukujifunza kuruka kwa ajili yetu.

Binti yangu alichuchumaa kando, kimo cha magoti ya wachezaji, akaangalia kwa makini. Baadaye, garini, alinifafanulia alichokiona. Baletini sheria ya kwanza ya kutua ni kushusha kisigino na kukunja goti, ili uzito umezwe na mguu mzima. Asiyefanya hivyo hukaripiwa, kwa kuwa huumia. Morani hafanyi hivyo. Anatua kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino hakigusi ardhi, goti halikunjwi sana, na mshipa wa nyuma ya kifundo ndio unaomrusha tena. Mikono iko ubavuni, mgongo umenyooka, shingo juu. Kiongozi wa wimbo, olaranyani, hupandisha sauti na wanaoitikia hupanda naye kadiri mrukaji anavyopanda. “Mama, wanaimba wakiwa hewani,” aliniambia. Akakumbuka veranda ya Karatu.

Wanawake walimwita. Nilikuwa nimemfunga kitenge juu ya taiti yake kwa heshima ya wenyeji, na mama mmoja akamvalisha shingoni ule mduara mpana wa shanga. Alidhani kazi ni kutikisa mabega. Yule mama akamshika kifuani kwa kiganja, akamsukuma mbele kidogo, akamwachia. Kifua hutangulia, shanga huinuka zikichelewa, hutua kifua kikiwa kimeshaondoka, na mlio wao ndio unaotunza mapigo. Ukiharakisha, zinagonga kidevu. Zilimgonga kidevu. Wanawake wakacheka naye, wakamrudisha mwanzo, na mwishowe akapata mizunguko kadhaa sawasawa. Tuliwalipa zaidi ya ada iliyotajwa, maana ile haikuwa tena ziara, lilikuwa somo.

Hapo ndipo palipokuwa na swali gumu. Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 kwa mpango wa watu, mifugo na wanyamapori kukaa pamoja. Wakati huo wakazi walikuwa kama 8,000. Miaka ya karibuni wakapita 100,000. Serikali ikasema mzigo umezidi uwezo wa ardhi, na tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni mkoani Tanga, katika mpango inaouita wa hiari. Wakazi wengi hawaukubali, na Agosti 2024 walijitokeza barabarani kwa maelfu. Binti yangu alikuwa amesikia mazungumzo ya watu wazima. “Wakihama wote, ile ngoma itakwenda nao?”

Nilimjibu nilivyoweza. Kuruka kutakwenda nao, kwa sababu kumo miguuni. Lakini sherehe za rika zinadai mengi zaidi ya miguu: ng'ombe, maziwa, wazee wanaojuana, mahali palipozoeleka, na watoto wa kutosha wa umri mmoja. Kenya yenyewe ilipeleka UNESCO sherehe tatu za Wamaasai, enkipaata, eunoto na olng'esherr, zikaandikwa mwaka 2018 katika orodha ileile ya dharura ilimo isukuti. Ina maana hata panapokuwa hakuna anayehamishwa, zinapungua. Kwa maoni yangu, kila uamuzi juu ya ardhi ya Ngorongoro unapaswa kuhesabu hilo pamoja na idadi ya nyumbu, na wenye kulihesabu wawe wenyewe wachezaji na wazee wao.

Tulifika pia Bonde la Olduvai, ambako mwaka 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus. Wengi huja kwa ajili ya fuvu. Sisi tulikaa kwenye nakala ya nyayo za Laetoli. Nyayo halisi ziko kusini zaidi, zimefukiwa makusudi ili zihifadhike. Kikosi cha Mary Leakey kilizigundua mwaka 1978, zikiwa zimekanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Njia yenyewe ina urefu wa mita 27 hivi. Kuna mkubwa, kuna mdogo aliyekwenda kando yake. Binti yangu alivua kiatu akaweka mguu wake sakafuni, karibu na kizuizi, akalinganisha: kisigino kimezama kwanza, dole gumba limenyooka sambamba na mengine, nalo ndilo lililosukuma. “Hatua ya kawaida kabisa,” akasema. Mwongozaji wa makumbusho, mzee mpole, akamwambia hilo ndilo jambo kubwa lenyewe.

Turudi Karatu, maana nayo ina tamasha lake. Kila Desemba mji huo hufanya tamasha la michezo na utamaduni, mbio na baiskeli zikifuatana na ngoma na kwaya, na Taasisi ya Filbert Bayi ni miongoni mwa waliolishika mkono. Inafaa iwe hivyo: Bayi ni mtoto wa Karatu, aliyezaliwa mwaka 1953 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Binti wa jirani, yule wa singeli, alicheza ngoma shuleni kwao kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania ambayo pamoja na mpira na riadha yana ngoma na kwaya. Wasichana hawa wawili walionyeshana video za mashindano yao kwenye simu, mmoja wa Tamasha la Muziki la Kenya, mwingine wa UMISSETA, wakashangaa jinsi mambo yanavyofanana. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mashindano ya mwenzake.

Wanasoka wa shule zetu hukutana kila mwaka katika michezo ya sekondari ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2022 ilifanyika Arusha, mwendo wa saa chache tu kutoka Karatu. Watoto wa ngoma hawana safari hiyo. Lipo tamasha la utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, lililoanzia Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, na Bujumbura mwaka 2022, lakini halijawa jambo la shule. Wizara za elimu na za utamaduni za nchi zetu ziongeze ngoma kwenye michezo hiyo ya sekondari, na watoto wapewe nafasi ya kuitazama ngoma ya mwenyeji mahali inapochezwa, si jukwaani pekee. Mzazi asiyetaka kusubiri wizara, tamasha la Karatu huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa pande zote mbili za mpaka.